Filamu ya kutisha haitaki mtangazaji
Vibanda umiza vya hapa Tanga, Ngamiani hadi Makorora, vina ugonjwa mmoja: kila filamu inatafsiriwa kama mechi ya mpira. Picha za ngumi sawa, matani ya mtafsiri huzinogesha. Lakini ya kutisha? Mlango unafunguka polepole, kimya kimewekwa makusudi ili mlio mmoja wa ghafla ukurushe kwenye benchi. Mtafsiri huyo: "Jamaa hajui kuna mtu nyuma!" Kwisha kazi. Na humzimi, maana sauti yake imeshachanganywa na ya filamu yenyewe.

Halafu kioo. Filamu nyingi kubwa zina upana wa 2.39 kwa kimo cha 1. Runinga ni 16 kwa 9, yaani 1.78 hivi kwa 1, haifikii upana huo. Ile mistari myeusi juu na chini ina haki ya kuwepo. Mwenye kibanda anaona picha "haijajaa", anabonyeza zumu, robo ya upana inaliwa pembeni. Kwenye filamu ya mapenzi, wawili wanaongea, mmoja kabaki pua tu! Rudisha ukubwa wa picha ulivyokuwa, bwana. Rimoti si unayo mkononi?