Moyo wa Mgonjwa na Chembe za Nano

Mwaka jana, kabla shangazi yangu hajaanza kemo ya saratani ya matiti katika hospitali moja hapa Nairobi, aliagizwa kwanza apigwe picha ya moyo. Tukiwa kwenye foleni alinigeukia akaniuliza, "Mwanangu, ugonjwa uko kwenye titi, moyo unatafutiwa nini?" Nilimjibu juu juu siku ile. Swali lake lilistahili jibu la maana, na jibu hilo ndilo linalonifanya nitake dawa za saratani zinazobebwa na chembe za nano, yaani chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, zizungumziwe zaidi nchini, na kwa ukweli zaidi.

Dawa aliyoandikiwa ni doksorubisini, ile nyekundu ambayo muuguzi huisukuma polepole kwa sindano, macho yake yakiwa hayabanduki kwenye mshipa, kwa kuwa ikivuja nje huunguza nyama. Ikiingia kwenye damu huenea mwili mzima, na huweza kuidhoofisha misuli ya moyo kiasi kwamba kuna kipimo cha jumla cha dawa ambacho mgonjwa hashauriwi kukipita maishani mwake, hata kama dawa bado inamfaa.

Dawa hiyohiyo huweza kufungiwa ndani ya chembe za nano, vifuko vya mafuta vyenye upana wa takriban nanomita 100 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), ilhali unywele wa binadamu una nanomita 80,000 hivi. Marekani iliidhinisha dawa ya namna hiyo mwaka 1995, kwanza kwa saratani ya Kaposi inayowapata wenye UKIMWI. Msingi wa matumaini kwamba chembe hizi zingeingia kwenye uvimbe na kuuepuka moyo ulielezwa mwaka 1986 na Wajapani Yasuhiro Matsumura na Hiroshi Maeda: mishipa ya damu ya uvimbe hujengeka ovyo na huwa na nafasi wazi, kwa hiyo chembe hupenya na kubaki humo, lakini hupata shida kupita katika mishipa iliyoshikamana vizuri, kama ile ya moyo.

Hapa ndipo sifa zinapozidi kiasi. Husimuliwa kana kwamba chembe hizi zinaijua njia ya kwenda kwenye uvimbe, nazo haziijui. Watafiti wa Toronto walipitia tafiti za miaka kumi zilizofanyiwa wanyama, wakaripoti mwaka 2016 kwamba, kwa thamani ya katikati ya matokeo hayo, ni asilimia 0.7 tu ya chembe zilizodungwa iliyofika kwenye uvimbe. Nyingi hunaswa na ini na wengu.

Ushahidi ninaouthamini zaidi ni wa jaribio lililochapishwa mwaka 2004, lililohusisha wanawake 509 wenye saratani ya matiti iliyosambaa. Waliopewa dawa ya vifuko waliishi takriban miezi 21, na waliopewa ile ya kawaida miezi 22, yaani karibu sawa. Hata hivyo, mioyo iliyoumia ilikuwa michache zaidi kwa mbali, na walionyonyoka nywele walikuwa asilimia 20 badala ya 66. Kwa mama anayepanda ngazi hadi ghorofa ya nne kila jioni, moyo uliosalia na nguvu ni sehemu ya tiba yenyewe. Dawa hii ni ghali kuliko ile ya kawaida, na kwa maoni yangu fedha za umma zianze na wale ambao mioyo yao tayari ni dhaifu au waliokaribia kile kipimo cha mwisho.

Lakini wagonjwa waambiwe pia kuhusu mikono. Katika jaribio hilohilo, asilimia 48 ya waliopata vifuko waliugua ngozi ya viganja na nyayo, ikawa nyekundu na yenye maumivu, dhidi ya asilimia 2 upande wa pili. Shangazi huchambua mitumba katika soko la Gikomba tangu alfajiri, akifungua marobota na kukunjua nguo moja moja kwa vidole vyake. Daktari anayetaka kumchagulia kati ya dawa hizi mbili anapaswa kumuuliza kwanza anafanya kazi gani.