Namba ya NEET na nafasi za udaktari nchini India

Mwaka 2023, mtahiniwa wa NEET aliyepata alama 650 kati ya 720 alishika namba inayokaribia elfu saba kitaifa. Mwaka uliofuata alama hizohizo zilimshusha mwenzake hadi karibu elfu thelathini. NEET ni mtihani mmoja wa nchi nzima ambao kila anayetaka kusomea udaktari India lazima aufanye, na mwaka 2024 waliufanya watu zaidi ya milioni 2.3. Nafasi za kuanza masomo zilikuwa kama laki moja na elfu kumi, nusu hivi zikiwa za vyuo vya serikali. Ndiyo maana alama peke yake haimwambii mzazi chochote. Kinachotafutwa ni namba.

Ukishaijua namba, unaangalia mwaka jana chuo fulani kiliishia kumchukua wa ngapi. Katika vyuo vya serikali vya majimbo, asilimia 15 ya nafasi hushindaniwa na Wahindi wote, na kwa asiye na mgao maalumu mstari wa mwisho wa kuchukuliwa umekuwa ukikatika karibu na namba elfu ishirini. Asilimia 85 hubaki kwa wenyeji wa jimbo, na kila jimbo lina mstari wake. Juu ya hapo kuna migao ya taifa: asilimia 27 kwa tabaka zilizobaki nyuma, 15 kwa Wadalit (waliokuwa wakitengwa kama wasioguswa), 7.5 kwa makabila ya asili, na tangu 2019 asilimia 10 kwa maskini wasioingia katika makundi hayo. Vijana wawili waliofuatana kwa namba wanaweza kuachana njia kabisa, mmoja akaenda chuo kikuu cha serikali na mwingine akarudi nyumbani kujiandaa upya.

Wanaoutetea utaratibu huu wana hoja nzito, na mtu asiyekumbuka hali ya zamani hawezi kuipima vizuri. Kabla Mahakama ya Juu ya India haijaurudisha mtihani wa pamoja mwaka 2016, vyuo vya binafsi vilikuwa na mitihani yao, na familia zililipa mafungu makubwa ya pesa chini ya meza ili mtoto apokelewe. Katika jimbo la Madhya Pradesh, kashfa ya Vyapam, bodi ya mitihani ya jimbo hilo, iliyolipuka 2013 ilifichua watu waliokuwa wakilipwa kuwafanyia wengine mitihani. Namba haiulizi baba yako ni nani. Ukiwa mtoto wa fundi cherehani, karatasi yako inasahihishwa na mashine ileile inayosahihisha ya mtoto wa waziri. Katika nchi ambayo jina la ukoo tu hufichua tabaka la mtu, hilo ni jambo kubwa, nami nisingependa liondolewe.

Lakini namba hiyo inatengenezwa mapema, na inatengenezwa kwa gharama. Mji wa Kota, Rajasthan, umejaa vituo vya tuisheni na mabweni ya vijana wanaojiandaa kwa NEET au kwa JEE, mtihani wa kuingia vyuo vya uhandisi vya IIT. (Hizi ndizo IIT ambazo moja yake, ya Madras, ilifungua tawi Zanzibar mwaka 2023.) Wengine hukaa huko mwaka mmoja, wengine hurudia mara mbili tatu. Mwaka 2023 pekee wanafunzi zaidi ya ishirini walijiua katika mji huo. Mwalimu Anand Kumar wa mji wa Patna alipata sifa kwa kuwafundisha bure watoto thelathini wa maskini kila mwaka na kuwafikisha IIT. Wengi humtaja kama ushahidi kwamba maskini naye anaweza. Mimi naona hata vijana hao hodari walihitaji mtu wa kubeba gharama za maandalizi, na mamilioni hawana Anand Kumar.

Tamil Nadu, jimbo la kusini, iliona tatizo hili zamani. Ilifuta mtihani wa kujiunga, ikachagua wanafunzi wa udaktari kwa matokeo yao ya kumaliza sekondari, hadi NEET ilipoingia jimboni 2017. Kamati ya Jaji A. K. Rajan, iliyotoa ripoti 2021, ilieleza kuwa waliosoma kwa Kitamil na waliotoka shule za serikali walipungua baada ya mabadiliko hayo. Kabla ya ripoti hiyo, mwaka 2020, jimbo lilikuwa limeshawatengea wanafunzi wa shule za serikali asilimia 7.5 ya nafasi. Hatua hiyo naiunga mkono, kwa sababu inaacha namba ifanye kazi yake, ila ndani ya kundi la watu walioanzia mahali pamoja.

Kuna pia suala la usahihi. Jibu sahihi ni alama nne, kosa linakunyang'anya moja, hivyo swali moja ni tofauti ya alama tano, na pale watahiniwa walipobanana alama tano zinasogeza maelfu ya watu. Mwaka 2024 watahiniwa 67 walitangazwa na alama zote 720, watahiniwa 1,563 walikuwa wamepewa alama za fidia ya muda waliopotezewa, ambazo baadaye zilifutwa, na karatasi ilikuwa imevuja katika miji ya Patna na Hazaribagh. Mahakama ilikataa kuufuta mtihani wote, ikisema hakuna ushahidi kwamba uvujaji ulienea nchi nzima.

Hata hivyo, hoja inayonigusa zaidi haihusu mtihani wenyewe. Mwaka 2024 watu zaidi ya milioni 1.3 walihesabiwa kuwa wamefaulu, ilhali nafasi ni laki moja na kidogo. Kiwango cha kufaulu kimewekwa chini hivyo, na matokeo yake ni kwamba vyuo vya binafsi, ambavyo ada ya baadhi yao hupita rupia milioni mbili kwa mwaka, vinaweza kushuka chini sana kwenye orodha hadi vimpate mwenye pesa. Kijana wa namba elfu sitini, katika jimbo lenye ushindani mkali, anakosa chuo cha serikali na hana uwezo wa kulipa. Wa namba laki saba analipa na kuingia. Halafu mjadala mitaani unamlenga Mdalit aliyeingia kwa mgao halali, kana kwamba yeye ndiye aliyeruka foleni.

Februari 2022 tume ya taifa inayosimamia elimu ya udaktari ilielekeza kwamba nusu ya nafasi za vyuo vya binafsi zitozwe ada ya vyuo vya serikali vya jimbo husika. Utekelezaji umesuasua na vyuo vimekwenda mahakamani kuupinga. Ungekamilika, takriban nafasi elfu ishirini na tano zaidi kila mwaka zingemfikia mwenye namba nzuri asiye na pesa, bila kugusa mgao wa mtu yeyote na bila kubadili swali hata moja la mtihani.