Muda wa kutafiti tutautoa wapi?

Makala inataka wauguzi wa wodini tufanye utafiti na kutangaza matokeo. Naunga mkono, ila muda uko wapi? Sisi ndio tunaomgeuza mgonjwa kila baada ya saa chache, tunaona kidonda cha mgandamizo (kile cha kulalia upande mmoja muda mrefu) kinavyoanza, ngozi imebadilika rangi tu, haijachubuka. Nimejaza fomu za tafiti za madaktari usiku kucha. Ripoti ikitoka jina langu halimo, na matokeo yenyewe hayarudi wodini. Mnasahau Florence Nightingale alikuwa muuguzi? Mwaka 1858 alionyesha kwa michoro kwamba katika Vita vya Krimea maradhi yaliua askari wengi wa Uingereza kuliko majeraha. Tupeni basi hata nusu siku kwa wiki, na mtu wa kutusaidia takwimu (hizo bado zinanitoa jasho).