Ukinitumia ramani, nishushie toleo kwanza

Ramani ya nyumba ikitumwa kwa kompyuta na programu ya mpokeaji ni ya zamani, mwenye programu mpya ndiye anayepaswa kushuka, yaani kulihifadhi faili kwa muundo wa toleo la zamani. Najua wapo wenzangu wa Dar watakaoninunia kwa kusema hivi, lakini ndivyo ninavyoona.

Hapa Tanga ramani moja ya nyumba hupita mikono mingi. Msanifu anachorea Chumbageni, mhandisi wa nguzo na nondo yuko Dar, mtu wa umeme ana laptopu yake ya siku nyingi kule Ngamiani. Mwisho wa yote faili linatua kwenye duka la kuchapisha, ambako kijana wa zamu ana AutoCAD, programu ya kuchorea ramani, ya zamani inayomtosha na haoni sababu ya kuibadilisha. Faili likiingia unalibonyeza, programu inakwambia limetengenezwa na toleo jipya zaidi, basi. Unamwandikia aliyelituma: "Kaka, faili lako limegoma huku." Anajibu: "Apdeti programu yako, ndugu yangu."

Apdeti kwa pesa ya nani? Tangu 2016 Autodesk, kampuni inayotengeneza AutoCAD, iliacha kuuza leseni mpya za kudumu za AutoCAD; sasa unalipia kama kodi ya chumba, muda ukiisha unalipa tena. Aliyenunua yake kihalali kabla ya hapo bado anayo na inachora vizuri tu, ila imesimama palepale. (Wenye za kuchakachua nawaacha, hao wana siku yao.) Kumwambia mtu wa namna hiyo aanze kulipa ada kwa ajili ya jiko na choo cha mteja mmoja ni kumtwisha mzigo ambao wewe ungeumaliza kabla chai haijapoa.

Kinachoudhi zaidi ni kwamba muundo wa DWG, yaani wa faili la AutoCAD, wenyewe haubadiliki kila mwaka. Chukua faili lolote la DWG ulifungue kwa Notepad. Utaona vurugu ya alama zisizosomeka, lakini herufi na tarakimu sita za mwanzo zinasomeka vizuri. AC1024 ni muundo wa matoleo ya 2010 hadi 2012. AC1027 ni wa 2013 hadi 2017. AC1032 ulianza na toleo la 2018, na matoleo kadhaa yaliyofuata yakaendelea nao. Ndiyo maana mwenye AutoCAD 2018 anafungua kazi ya mwenye 2024 bila ugomvi, ilhali mwenye 2017 anabaki nje. Mimi huzitazama hizo sita kabla sijampigia mtu simu. Zinamaliza ule ubishi wa "mbona kwangu linafunguka?"

Kushusha kwenyewe hakuna ufundi. Andika OPTIONS, ingia sehemu ya kufungua na kuhifadhi, chagua muundo wa 2013 au 2010, na kuanzia hapo kila unachosevu kitatoka hivyo bila wewe kukumbuka. Kwa ramani ya kawaida ya kuta, milango, vipimo na maandishi, sijaona kinachopotea cha kumfanya mtu asite. Na ikiwa aliyekutumia amekaidi, DWG TrueView ya Autodesk haina malipo na inabadilisha matoleo. ODA File Converter nayo inafanya kazi hiyo hiyo. Lakini kwa nini mpokeaji ndiye ahangaike kupakua, tena kwa bando lake?

Toleo likishashuka, bado kuna vitu vinavyosahaulika. Kama umeunganisha mchoro mwingine ndani ya ramani yako na hukuutuma, huku kwetu pale palipotakiwa kuwa na ngazi panatokea mstari wa maandishi unaotaja folda fulani ya kwenye kompyuta yako. Fonti zako za SHX (maumbo ya herufi ya AutoCAD) zisipokuja, programu inaweka nyingine na majina ya vyumba yanapanda juu ya vipimo. Amri ya ETRANSMIT hufunga vyote kwenye furushi moja. Itumie.

Ambatisha na PDF, hata kama hukuombwa. Ndiyo itakayonionyesha ulikusudia nini, na ndiyo fundi wa Raskazone atakayoifungua kwenye simu yake. Ila andika vipimo vyote kwa tarakimu. Mchoro wa 1:50 uliopangwa kwa karatasi ya A1 ukichapishwa kwenye A3 unakuwa nusu: chumba cha mita 3 kilichotakiwa kuwa milimita 60 kinatoka na milimita 30. Fundi akiweka rula na kuamini ile 1:50 iliyoandikwa pembeni, atapata mita 1.5. Humo hata kitanda hakigeuki.

Haya yote ni ya DWG, ambako angalau njia ya kushuka ipo. Revit, programu nyingine ya Autodesk ya kuchorea majengo, haina huruma hiyo. Faili lililosevuliwa kwenye toleo jipya halifunguki kwenye toleo la zamani, na hakuna pa kubonyeza ili kulishusha. Unaweza kutoa IFC (faili la kupitishana kati ya programu tofauti za majengo) au DWG, lakini mwenzako hatapata ule mfano ulio hai wa kuuendeleza. Kwa hiyo kama kazi ni ya Revit, mwaka wa toleo ukubaliwe siku ile ile mnayogawana kazi, uandikwe kwenye makubaliano pamoja na malipo, na mwenye toleo la chini kabisa ndiye afuatwe.