Tanzania iko karibu nasi kuliko bahari

Hapa Kampala, mtajie mfanyabiashara wa soko la Kikuubo neno Tanzania, naye atawaza Dar es Salaam: bandari, makontena, ushuru, lori lililokwama njiani. Namwelewa. Sisi tusio na bahari tumezoea kuwajua wenye bahari kupitia bandari zao tu. Lakini mazoea hayo yanatupotezea mengi, na ningependa tuisome ramani ya jirani yetu kuanzia upande wetu.

Chukua sensa ya 2022. Tanzania ilihesabu watu karibu milioni 62. Mikoa ya Bara inayogusa bahari ni mitano: Tanga, Pwani, Dar es Salaam, Lindi na Mtwara. Wakazi wake wote hawafiki milioni 13, na zaidi ya milioni 5 kati yao wako Dar peke yake. Sasa njoo Ziwa Victoria. Kagera, Geita, Mwanza, Mara, Simiyu na Shinyanga, mikoa ambayo wenyewe huiita Kanda ya Ziwa, ina watu zaidi ya milioni 16. Hata ukiiongeza Zanzibar upande wa pwani, ziwa bado linashinda. Yaani umati mkubwa kabisa wa nchi ile uko ng'ambo ya maji haya haya tunayovua sisi.

Sababu kubwa ni mvua. Bukoba hunyeshewa sana, na migomba inastawi kama Masaka. Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua, na ukikosa, njaa inabisha hodi. Upande wa Tabora na Katavi kuna misitu ya miombo yenye mbung'o, mahali pagumu kwa mfugaji. Basi watu wakajaa kandokando: ziwani, kwenye miteremko ya Kilimanjaro na Usambara, Rungwe kule Mbeya, na pwani, katikati wakabaki wachache. Na bahari peke yake haivuti watu. Lindi ina pwani ndefu na ardhi tele, lakini wakazi wake ni kama milioni 1.2, hawafiki hata nusu ya wale wa Kagera.

Serikali nazo zilijaribu kuubadili mpangilio huo. Reli ya Wajerumani kutoka Dar ilifika Kigoma mwaka 1914, ikakuza miji michache njiani. Miaka ya 1970 Mwalimu Nyerere aliwahamishia mamilioni ya watu katika vijiji vya ujamaa, na mwaka 1973 Dodoma ikachaguliwa kuwa makao makuu. Uamuzi huo wa Dodoma nauheshimu sana: watu wanaoishi pembezoni kote wanahitaji mahali pa kukutania.

Kinachoniuma ni jinsi tunavyoipita Kagera macho yakiwa baharini. Kutoka Bukoba hadi Kampala ni kama kilomita 300; hadi Dar ni zaidi ya 1,300. Lugha ya Wahaya inakaribiana na Kinyankole, na ndizi ni chakula chao kama chetu. Jeshi la Idi Amin liliivamia Kagera mwaka 1978, na watu wa kule ndio waliopoteza nyumba na ng'ombe wao. Tuna deni la ujirani pale, nami naamini hulipwa kwa kutembeleana na kuuziana.

Hata bomba la mafuta tunalizungumzia kwa ncha zake mbili tu, Hoima na Chongoleani kule Tanga. Lina kilomita 1,443, na sehemu kubwa iko Tanzania: Kagera, Geita, Shinyanga, Tabora, Singida, Dodoma, Manyara, kisha Tanga. Mtoto wa shule wa Uganda angepaswa kuitaja mikoa hiyo bila kusita, maana mafuta yetu yatapita katika mashamba ya watu wa huko.

Na njia ipo. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025 juu ya Ghuba ya Mwanza, mahali ambapo magari yalikuwa yakisubiri kivuko. Sasa mwenye duka Kikuubo anaweza kupita mpakani Mutukula, Bukoba, Chato na Geita hadi Mwanza, barabara moja kwa moja. Ndugu zangu wafanyabiashara, kabla ya kuagiza kontena jingine kutoka mbali, nendeni kwanza mkaone soko la Mwanza linauza nini na linakosa nini.