Mpira wa AC: wa mtumba au wa kubana upya?

Fika Gerezani, Dar es Salaam, na mpira wa AC ya gari uliopasuka (bomba la raba linalopitisha gesi ya ubaridi), na ushauri wa kwanza utakuwa huu: tafuta wa mtumba uliotoka Japani, achana na wa kubana, yaani raba mpya inayobanwa kwa mashine kwenye ncha za zamani, utavuja tu. Wanaosema hivyo hawajatunga. Mipira mingi iliyobanwa upya imevuja kweli. Ila lawama imeangukia mashine ya kubania, wakati kosa mara nyingi liko kwenye roli la mpira lililokatwa.

Mpira wa AC una utando wa nailoni ndani ya tabaka za raba, maana R134a, gesi ya ubaridi ya AC, hupenya raba tupu polepole. Mpira wa haidroliki, ule wa oili ya mitambo, ambao baadhi hukatiwa badala yake, hauna utando huo. Unahimili presha kubwa mno kuliko ya AC, na hapo ndipo mteja anapodanganyika: haupasuki, lakini gesi inatoka kidogo kidogo na unyevu unaingia. Gari dogo hubeba kama gramu 500 tu za gesi, kwa hiyo hata upungufu mdogo unaonekana. Mteja anaongeza gesi, miezi inapita, anaongeza tena, huku unyevu ukichanganyika na oili na gesi kuwa asidi inayokula kompresa, pampu inayosukuma gesi. Kompresa ikifa, anaambiwa ilikuwa mbovu tangu mwanzo! Basi soma maandishi mgongoni mwa mpira kabla haujakatwa: J2064 ndio wa AC, 100R1 au 100R2 ni wa haidroliki.

Kosa la pili ni kikombe cha chuma kinachobanwa kushika mpira kwenye ncha. Mipira ya AC iko ya ukuta mnene na ya ukuta mwembamba, na vikombe vyake havibadilishani. Kikombe cha mnene kwenye mwembamba hakishiki sawasawa. Utaona vumbi lenye oili limeganda shingoni. Klipu ya bisibisi usiikubali kabisa.

Vipimo navyo vifuatwe: namba 6 ina milimita 8 ndani, namba 8 kama 10, namba 10 ni 13, namba 12 ni 16. Ukipunguza upana wa ndani wa mpira unaorudi kompresani, ubaridi unapungua. Kabla ya kukata wa zamani, chora mstari wa rangi kutoka ncha hadi ncha, la sivyo ncha mpya zitatazama pembeni na mpira utafungwa ukiwa umejipinda.

Mtumba una haki yake: mikunjo ya alumini inakaa palepale, na ulibanwa kiwandani. Lakini raba yake ina umri wa gari lililochinjwa, na pengine umening'inia dukani miezi bila vifuniko, ukinywa unyevu wa pwani. Mimi ningeuchukua pale tu bomba la alumini lenyewe limeoza, au fundi hana mataya (meno ya mashine ya kubania) ya saizi yangu. Kama bomba ni zima, bakiza ncha zake na ubane mpira mpya.

Ukishabanwa, uzibwe ncha, ujazwe naitrojeni na kuzamishwa majini. Upepo wa kujazia matairi una unyevu, haufai. Oringi, zile pete za raba za kwenye maungio, ziwe mpya, za R134a, zikipakwa oili ya kompresa. Draya, kichupa kinachonyonya unyevu, ibadilishwe kama mfumo ulikaa wazi, hewa inyonywe kwa pampu angalau nusu saa, na gesi ipimwe kwa mizani kufuata gramu za kibandiko kilicho chini ya boneti.