F, U, RS na Mateso Mengine ya Kununua Kigari

Vitz ni Vitz tu, utasema. Thubutu! Toyota imeitoa kwa madaraja: kuna F, kuna U, kuna Jewela, kuna RS, na kila dalali anaapa kwa mama yake kwamba hiyo aliyonayo ndiyo "full". Full nini? Fogi laiti mbili, rimu spoti, na eisi ya vitufe badala ya vinobu vya kuzungusha. Yaani tunapandishiwa bei kwa taa za ukungu, Dar es Salaam! Ukungu gani, wa mkaa?

Rimu zenyewe balaa. F ya kizazi kilichoanza mwishoni mwa 2010 inavaa tairi 165/70R14, ubavu umenona, linameza mashimo. RS inavaa 195/50R16, ubavu mwembamba kama chapati. Shimo moja tu la Mbagala na rimu inapelekwa kunyooshwa.

Hiyo F ya cc 996 nayo ina silinda tatu. Ukiwa kwenye foleni eisi inawaka, usukani unatetema. Si ugonjwa, ndivyo ilivyozaliwa, lakini fundi atakubadilishia mauntingi zote, zile raba zinazobeba injini, kwanza ndipo akwambie. Na ukikuta betri imeandikwa N-55 badala ya 46B24, ujue hilo ni gari linalojizima lenyewe kwenye mataa ili kuokoa mafuta. Betri hizo umbo moja, kwa hiyo mwenye duka atakupa ya kawaida bila aibu, na itakufa kabla ya wakati wake.

Hayo yote urembo. Kinachofilisi watu ni giaboksi, na hicho dalali hakitaji. Muulize, "Otomatiki ipi?" Atakujibu, "Otomatiki ya kisasa, bosi." Karatasi ya mnada wa Japani nayo haisaidii sana: F5 ni gia tano za mkono, FA ni otomatiki yenye lever sakafuni, lakini mara nyingi haisemi kama ni ya gia 4 au ni CVT, ile ya mkanda. Acha maneno, soma kibati cha namba ya modeli. Toyota IST ya zamani imeandikwa NCP60-AHPNK, ya kizazi cha pili NCP110-AHXNK. Tazama herufi ya tatu baada ya kistari: P ni otomatiki ya gia 4, X ni CVT, M ni gia tano za mkono. Herufi moja tu, na ina maana kuliko fogi laiti zote za Ilala.

CVT haina gia za kupanda na kushuka. Ina mkanda wa chuma uliobanwa kati ya puli mbili, na oili yake ndiyo inayofanya mkanda ushike bila kuteleza. Toyota inataka TC au FE, Nissan NS-2 au NS-3 kutegemea modeli, Honda Fit ya kwanza HMMF. Fundi wetu anataka ATF, oili ya otomatiki ya kawaida, iliyobaki kwa mteja wa jana. "Oili nyekundu zote ndugu," anasema, huku anamimina. Mkanda unaanza kuteleza, puli zinachimbika, injini inapiga kelele na gari haliendi.

Hata oili ikiwa sahihi, ukifungua nati ya chini hutoka kama lita 3 tu; nyingine imebaki ndani. Pima iliyotoka, rudisha kiasi hicho hicho, endesha, rudia. Fundi akikwambia anajaza "mpaka ionekane", chukua ufunguo wako.

Fit hiyo ya kwanza yenye CVT haina toki konventa, kile kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi, ina klachi ya kuondokea, na oili ikichoka gari linatetemeka kila linapotoka mataani. Injini yake ya i-DSI ina silinda 4 na plagi 8. Nane! Ukinunua nne umehudumia nusu ya gari.

Basi kabla hujalipa, mwambie dalali unataka kuliwasha likiwa baridi. Weka D, kanyaga taratibu kutoka 0 hadi 40, sikiliza mtetemo na mluzi, kisha rudi kinyumenyume kwenye mwinuko. Mkaagana saa moja asubuhi. Ukifika, boneti inaunguza kiganja na yeye anachekelea: "Nimeshakupashia, bosi, usipate shida."